Kapteni wa Hewa wa Banda la Farasi

Nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, sina mvi hata moja, na ndevu zangu ukizitaka lazima uzitafute kwa taa, lakini nimestaafu kihalali kabisa. Sheria ya shule yetu ni kwamba mtu akiingia Fomu ya Nne anavuliwa kazi zote ili asomee mtihani. Juzi nimevuliwa yangu. Wenzangu wa bwenini wakaniambia niandike mambo ya kazi hiyo kwa ajili ya wale watakaoshika kamba baada yangu. Waliniambia kwa sauti ya watu wanaotaka nipate shughuli ya kunifunga mdomo wiki nzima, lakini nimeichukua kama heshima.

Habari za kupandishwa cheo nitaziruka, maana sikupandishwa. Mshahara nao nitauruka. Mshahara wenyewe ulikuwa ukoko wa ugali siku ya Jumapili, na hata huo mpishi aliutoa huku akinitazama kama mtu aliyeibiwa.

Kazi yangu ilikuwa Kapteni wa Hewa. Wageni wakisikia jina hilo hucheka, na mimi pia nilicheka siku ya kwanza. Shule nyingine zina kapteni wa mpira, kapteni wa kwaya, kapteni wa kuni. Sisi tuna wa hewa kwa sababu bweni letu si bweni. Ni banda la farasi. Mzungu mmoja alikuwa na shamba hapa chini ya mlima Menengai, juu ya ziwa, akaondoka, wamisheni wakapewa shamba na majengo yake. Nyumba yake ikawa ya walimu, ghala lake likawa kanisa, na farasi wake walipouzwa, sisi tukaletwa tukae mahali pao.

Msicheke haraka. Mzungu yule aliwapenda farasi wake kuliko watu wengi wanavyopenda ndugu zao, na aliogopa sana wasije wakakohoa. Kwa hiyo juu kabisa, mgongoni mwa paa la mabati, alijenga kipaa kingine kidogo kilichoinuliwa kama kofia. Chini ya kofia hiyo kuna vibao, mstari mmoja upande wa ziwa na mstari mwingine upande wa Menengai, na kila mstari unafunguka na kufungwa kwa kamba inayopita kwenye kapi na kushuka mpaka karibu na mlango. Madirisha ni madogo, yako juu, na yana vyuma. Mlango ni mmoja tu, unatazama ziwa, nao umekatwa katikati: kipande cha juu na kipande cha chini, kila kimoja na bawaba zake, ili farasi atoe kichwa nje aone dunia bila kutoka. Mambo haya yakaririni. Yatakuja kuhitajika.

Nilifika Januari ya 1954. Baba alikuwa amehangaika siku nyingi kupata pasi ya kutoka shambani Njoro aje kunifikisha, maana siku zile za Hali ya Hatari mtu hakutembea tu kwa sababu ana miguu. Aliniacha mlangoni na sanduku la bati, akaniambia nisimwaibishe, akarudi. Nikaingia. Harufu ya bweni la wavulana sihitaji kuieleza kwa mtu aliyelala humo. Niseme tu kwamba nilidhani farasi mmoja amesahaulika.

Kitanda nilichopewa kilikuwa chini ya kamba, na mwenye kamba alikuwa Barnaba wa Molo. Barnaba alikuwa Fomu ya Tatu lakini alikuwa na ndevu kumshinda mwalimu wa Hesabu, na wageni wa shule mara nyingi walimwamkia yeye kwanza. Jioni ile, baada ya chakula, alitoa gunzi kavu la mahindi chini ya kitanda chake, akaliwasha, akalipuliza moto ukazimika likabaki linafuka. Akaniambia, "Njoo tuiulize hewa."

Nilidhani ni mambo ya kuwatisha watoto wapya. Nikamfuata huku nikijiandaa kucheka.

Akaweka gunzi chini, karibu na kizingiti. Ule uzi wa moshi ukalala, ukaingia ndani kama mtu anayepita kwenye ua wa watu kwa adabu. Akaliinua usawa wa kitanda, moshi ukasimama wima, unatikisika kidogo. Halafu akapanda juu ya sanduku, akanyoosha mkono wake mrefu kuelekea darini. Moshi ukaanza kukaza mwendo. Ulipofika karibu na kofia ulikimbia, ukapinda, ukachomoka kati ya vibao kana kwamba kuna aliyeuita kwa jina.

Nilisahau kucheka. Miaka yote nilikuwa nimevuta hewa bila kujua kwamba inakwenda mahali. Kumbe ndani ya nyumba ambamo mimi naona vitanda na masanduku tu, kuna mto mkubwa unapita, unaingia chini, unapanda, unatoka juu, mchana na usiku, kimya, na watu arobaini wamelala ndani ya mto huo hawajui hata kama wamelowa.

"Ni pumzi zenu," Barnaba akasema. "Zina joto, kwa hiyo zinapanda. Ukiziachia pa kutokea juu, zinavuta nyingine safi kutoka chini. Ukiziba juu, hazina pa kwenda. Zitarudi zikulalie kifuani."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Mengine ni ufundi mdogo mdogo, na nitauandika hapa kwa sababu hakuna mwalimu atakayewafundisha. Kapi ipakeni mafuta ya jikoni, lakini si yale ya samaki, paka watawamaliza. Kamba ya katani hukaza mvua ikinyesha, kwa hiyo msiifunge kwa nguvu siku yenye mawingu, la sivyo kesho mtaikata kwa kisu. Ndege hupenda kujenga kwenye kofia kila baada ya mvua za Aprili. Waondoeni mapema, kabla hawajataga, maana wakishataga hamtakuwa na moyo. Na kubwa kuliko yote: upepo ukitoka ziwani, fungueni vibao vya Menengai, ukitoka Menengai, fungueni vya ziwani. Sikuzote fungueni upande ambao upepo unaukimbilia. Ukifungua unakotoka, upepo utaingia na kusukuma kila kitu chini. Siku za maharagwe fungueni pande zote mbili na mwombe Mungu.

Barnaba alipoingia Fomu ya Nne akaniachia kamba. Siku hizi yuko stesheni, anaandika tikiti. Naamini ndiyo ofisi yenye hewa nzuri kuliko zote kwenye reli.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu.

Wote mnajua ziwa letu lina tabia yake. Mvua zikikosa linarudi nyuma, linabaki jeupe kama sahani, na mchana upepo ukianza unaokota lile vumbi la magadi na kuliletea mji. Mwaka jana lilikauka vibaya. Tulikula magadi, tukasoma na magadi, tukafua nguo zikawa chafu zaidi. Macho yalikuwa mekundu shule nzima, hata padre alionekana kama mtu aliyetoka kilabuni. Lakini aliyeumia zaidi alikuwa Mwalimu Zakaria, bwana wa bweni letu.

Mwalimu Zakaria anakaa kile chumba kidogo kilichoshikana na bweni, ambacho zamani mzungu aliweka matandiko ya farasi. Ukuta kati yetu na yeye haufiki juu. Hewa yetu ni hewa yake. Na kifua chake ni kibovu tangu zamani. Vumbi lilipoanza, tulikuwa tunamsikia akikohoa jioni mpaka sisi wenyewe tunachoka. Mwanzoni tulimwigiza. Baadaye tukaacha.

Akaagiza fundi apigilie misumari vibao vya upande wa ziwa. Sikusema kitu, kwa kuwa upepo wa mchana unatoka huko na vibao vile vilikuwa vimefungwa muda mwingi hata hivyo. Lakini vumbi likazunguka likaingia upande wa pili. Ndipo akasema vya Menengai navyo vipigiliwe. Kofia yote izibwe, moja kwa moja.

Nilikwenda chumbani kwake na gunzi langu linafuka, kama balozi. Nikamwonyesha jinsi moshi unavyopanda. Nikamweleza habari ya pumzi. Alinisikiliza vizuri, hilo siwezi kumnyima.

"Mwalimu, vikizibwa, watu arobaini watapumulia wapi?"

"Puani, Samweli, kama kawaida."

Nilicheka, kwa kuwa ilistahili. Yeye naye akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile kikamkunja mpaka akashika ukingo wa meza. Kilipoisha akajipangusa macho, akaniambia polepole, "Mimi silali, kijana. Nakaa kitini mpaka asubuhi. Nikilala chali nazama."

Mtu akikuambia hivyo, utamwonyesha gunzi? Nilibaki nimesimama pale, moshi wangu unapanda darini kwake na kutokea kule kule alikotaka kuziba. Akaniambia fundi atakuja Jumamosi saa kumi. Mpaka saa hiyo, kamba bado ni yangu.

Jumamosi ikafika. Shule yote ilikuwa uwanjani, mpira wa mabweni. Bwenini walibaki wagonjwa wa matubwitubwi tu, vijana sita waliotengewa vitanda vya mwisho, kila mmoja ana mashavu kama aliyekula mandazi bila kumeza. Mmoja wao alikuwa Kiprono, wa Fomu ya Kwanza, kutoka Kuresoi.

Na hapa lazima mmwelewe Kiprono kabla hamjamhukumu. Kuresoi ni baridi. Kwao moto unakaa katikati ya nyumba na hauzimwi, moshi unapanda, unapenya nyasi za paa, unatoka wenyewe. Hakuna mtu Kuresoi aliyewahi kufikiria moshi, maana paa linafikiria kwa niaba yao. Na kwao mgonjwa anayetetemeka anawekwa karibu na moto, mlango unafungwa, upepo usimguse. Ndivyo mama yake alivyomfanyia, na ndivyo bibi yake alivyomfanyia mama yake. Kwa hiyo wenzake walipoanza kutetemeka kwa homa, Kiprono alikwenda jikoni akamwomba mpishi jiko la makaa, akaliweka katikati ya vitanda, akafunga mlango vipande vyote viwili. Halafu akaona kamba yangu, akaona juu kuna tundu linaloleta baridi, akashusha vibao vya Menengai. Akafunga kamba vizuri. Alikuwa anawatunza wenzake kama mtu mwenye akili. Kosa lake lilikuwa kwamba mabati si nyasi.

Wakasinzia. Blanketi la mmoja likateleza likagusa jiko, na magodoro yetu mnajua yamejazwa nini. Nyasi kavu haziwaki mara moja. Zinafuka, zinafuka, zinatoa moshi mzito wa manjano.

Mimi nilikuwa golini, na kama kawaida nilikuwa naangalia paa badala ya mpira. Nikaona moshi unatoka chini ya mabati, pembeni, mahali ambapo haupaswi kutoka. Wakati huo huo tukafungwa bao. Nilikimbia, wenzangu wakidhani nakimbia aibu.

Halafu nao wakauona, wenye mbio wakanipita. Nilipofika, walikuwa wamefungua kipande cha juu cha mlango. Ndicho tunachofungua siku zote, ndicho cha kuchungulia na kutukana wapita njia. Upepo wa ziwa ukaingia pale kwa nguvu zote. Ule moshi uliokuwa umekaa juu ukapigwa, ukageuka, ukashuka mpaka sakafuni. Ndani hukuona hata kitanda cha kwanza. Tulisikia vikohozi vingi, halafu mmoja akilia, halafu vikohozi vichache. Hivyo vichache ndivyo vilivyonitoa jasho.

Watu walikuwa wanapiga kelele tuvunje na madirisha. Nikashika kipande cha juu, nikaanza kukifunga. Mwenzangu mmoja akanikaba shingo. Simlaumu. Mimi mwenyewe nilijiona kama mwendawazimu, mtu anayefungia mlango wagonjwa walio ndani ya moshi.

Mwalimu Zakaria akatokea uwanjani, amevaa fulana, anahema.

"Samweli, unafunga mlango watu wako ndani?"

"Cha juu tu, Mwalimu. Tufungue cha chini, nami nifike kwenye kamba. Moshi utapanda. Hapa magotini kutakuwa na hewa."

"Una hakika?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimeona gunzi, sijawahi kuona godoro. Nikasema, "Barnaba alikuwa na hakika."

Alinitazama. Mtu huyu siku tatu kabla nilimpelekea gunzi chumbani, na hakukubali. Akawageukia wale wavulana akasema, "Funga cha juu. Fungua cha chini." Halafu akachomeka kitambaa mdomoni, akapiga magoti, na kabla sijajipanga akawa ameshaingia, kwa kifua kile kile.

Niliingia nyuma yake kwa tumbo, nikakata kushoto, nikapapasa ukuta mpaka nikapata kamba. Fundo halikuwa langu. Kiprono alikuwa amefunga lile fundo la kufungia ndama, ambalo ukivuta linazidi kukaza. Nilivuta, likakaza. Nikavuta tena kwa sababu mimi ni mjinga. Halafu nikakumbuka ndama wa Njoro, nikaacha kuvuta, nikasukuma kamba irudi ndani ya fundo, likalegea kama halikuwahi kuwa fundo. Nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Juu kule vibao vya Menengai vikafunguka.

Nimejaribu kuwaeleza watu kilichofuata, na wote wanadhani naongeza chumvi. Mwanga uliingia kwanza, mstari mrefu kutoka mwisho hadi mwisho wa paa. Halafu moshi ukasimama. Ule uliokuwa umelala sakafuni kama mnyama ukainuka wote pamoja, kama kundi la ng'ombe linapoamshwa. Chini ya mlango nikasikia hewa inaingia, baridi, inanipita mgongoni. Kwanza nikaona miguu ya vitanda. Halafu masanduku. Halafu vitako vya Mwalimu Zakaria, vinakwenda mbele kwa magoti. Halafu magodoro, na moto mdogo uliokuwa umejificha ukachangamka, maana hewa haichagui wa kumsaidia. Juu yetu moshi ulikuwa unakimbia kuelekea kwenye kofia, mweusi, mnene, unanguruma, unatoka upande ambao upepo unaukimbilia. Nilikuwa nimelala chali, nimeshika kamba, mdomo wazi. Niliogopa, na bado sikutaka kufumba macho. Ulikuwa mto ule ule wa siku yangu ya kwanza. Safari hii ulikuwa umejaa.

Watano walitoka wakitambaa, Mwalimu akiwaelekeza kwa kuwasukuma. Wa sita alikuja naye akimburuta kwa blanketi. Alikuwa Kiprono. Wengine waliingia na ndoo wakaumaliza moto wa godoro. Sisi tukamlaza Kiprono kwenye nyasi, uso mweusi, mashavu yamevimba, hatikisiki. Mwalimu Zakaria akamgeuza ubavu, akampiga mgongoni kwa kiganja, akampiga tena, akiwa mwenyewe anakohoa mpaka mate yanadondoka.

Kiprono akakohoa. Akatapika uji. Akafungua jicho moja, akauliza, "Jiko la mpishi liko wapi? Alisema nilirudishe kabla ya saa kumi."

Mwalimu Zakaria akacheka, akakohoa, akacheka tena, akakaa chini kwenye vumbi.

Na saa kumi yenyewe ilipofika, fundi akaja na nyundo na misumari yake, kwa wakati kabisa, kama fundi ambaye hakuna aliyemwambia chochote. Aliona ndoo, akaona godoro jeusi limetupwa nje, akaona watu wamekaa. Upepo wa ziwa ulikuwa bado unavuma. Magadi yalikuwa yanatua juu yetu, kwenye nywele, kwenye midomo, meupe, na Mwalimu alikuwa anakohoa kikohozi cha aina nyingine sasa, cha chini, kisichoisha.

"Nipande, Mwalimu?" fundi akauliza.

Mwalimu Zakaria akatazama kofia. Moshi mwembamba ulikuwa bado unatoka pale.

"Panda," akasema. "Ng'oa misumari ya upande wa ziwa."

Fundi alifikiri hajasikia vizuri. Mwalimu akarudia. Tukakaa pale chini tukisikiliza misumari ikitoka kwenye mbao, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kilio chake, na katikati ya msumari na msumari, kikohozi.

Basi ninyi mtakaoshika kamba, ufundi nimewaandikia wote. Limebaki moja. Ziwa bado halijajaa, na upepo wa mchana unakuja kila siku. Mtamsikia Mwalimu upande wa pili wa ukuta. Hatawaambia neno, hajawahi kuniambia, wala hajawahi kuomba vibao vishushwe. Atakohoa tu, amekaa kitini mwake, na ninyi mtalala mkijua sababu, na mikono itawawasha. Msishushe.